Ufunguo Ulikwenda Kula

Kwetu, mwanamume akikutana njiani na mama mkwe wake, huingia majanini akainamisha macho, na yeye mama akapita katikati ya njia. Miaka yote ya ndoa sikuwahi hata kula mbele yake. Kisha nikashikwa na kuhara mahabusu, nikalazwa hospitali Korogwe, na aliyekuja kuniuguza akawa yeye. Mke wangu alikuwa ndiyo kwanza amejifungua, huko Kilole. Ndugu zangu wa Handeni walinikimbia tangu nikamatwe kwa ugomvi wa mpaka wa shamba.

Mkono mmoja ulikuwa na dripu, wa pili umefungwa pingu kwenye chuma cha kitanda. Mtu hata kukaa siwezi, eti nitatoroka!

Mama aliteremka kutoka Kwashemshi na chupa ya uji. Alikaa kwenye benchi, akanipa mgongo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pole, baba," akauambia ukuta.

Mchana tumbo likanikata. Nikamwomba askari aliyenilinda anifungue niende chooni.

"Ufunguo anao mwenzangu. Ameenda kula. Jikaze."

Nesi akaja juu. "Afande, mgonjwa wa kuhara unamfunga, halafu ufunguo unakwenda hotelini?"

"Amri, sista."

Nesi akatoka mbio kumtafuta daktari. Chombo cha kujisaidia kilikuwa chini ya kitanda, na mimi sina mkono wa kukifikia. Wanasema mtu mzima akivuliwa nguo huchutama. Mimi hata kuchutama nilinyimwa.

"Mama, toka nje," nikasema. "Nakuomba, toka."

Hakutoka. Alijifunika kanga kichwa na uso, akaja akipapasa, akaninyanyua kiuno na kusukuma chombo chini yangu. Sikuweza kusubiri. Mikono yake ilichafuka. Nililia kwa sauti, na askari akageukia dirishani. Daktari alipofika na kuamuru nifunguliwe, mama alikuwa ameshaninawisha.

Kesi ilifutwa. Nilipopata nguvu nilipanda Kwashemshi kumshukuru, nikiwa bado na aibu. Nikamwona anakuja na mzigo wa kuni. Nikaingia majanini, nikainamisha macho, nikasubiri apite.

Hakupita. Nilipoinua macho kidogo, naye alikuwa ameingia majanini, upande wa pili, amejifunika uso kwa kanga. Njia ikabaki tupu katikati yetu.