Siku Hesabu ya Sabuni Ilipotoa Mitima

Ndugu zangu, kuna aibu mtu anaweza kuifunga mdomo, na kuna aibu inayofika nyumbani kabla yako, na yangu ilikuwa ya namna hiyo ya pili, maana niliporudi Panda, kambi yetu ya wafanyakazi, kutoka mtaa wa Kikula watu walikuwa wamekwisha kujua, wengine wamekaa milangoni wananingoja kama mtu anayerudi kutoka Ulaya.

Mnaikumbuka miaka ile. Kampuni ya madini ilikuwa bado na bomba lake la moshi na king'ora chake, ila mshahara ulikuwa umegeuka hadithi. Mimi nilikuwa karani wa hesabu, mtu wa tai, halafu nikawa mtu wa kukaa barazani nikimtazama mke wangu akitoka. Mke wangu Odile (watu humwita Mama Trésor, kwa jina la mtoto wetu wa kwanza) alikuwa ameungana na wenzake watatu, wanachemsha sabuni nyuma ya nyumba katika pipa lililokatwa, mafuta ya ngazi, yaani mawese, na soda kali, na sabuni ile ndiyo iliyotulisha. Sisemi ilitusaidia. Ilitulisha. Mwanaume aliyezoea kuleta mfuko wa unga mwisho wa mwezi, akilishwa na moshi wa mke wake, hukonda mahali ambapo watu hawaoni.

Kwa hiyo waliponiomba niwashikie hesabu, nilizishika kwa mikono miwili. Pale parokiani kulikuwa na mtawa wa Kibelgiji, Mamere Agnès, mwenye ordinateri, kompyuta ndogo nyeupe, ya aina ile yenye alama ya tunda, naye aliniruhusu kuitumia umeme ukiwapo. Nilitengeneza jedwali, jamani! Herufi nene juu, mistari miwili chini ya kila jumla, na mwishoni jina langu na neno "comptable", yaani mhasibu.

Basi akatokea Papa Mwepu, mwenye depo ya mafuta Kikula. Alikubali kuwapa akina mama mafuta kwanza, walipe wakishauza, ila aone hesabu zao, na alizitaka kwenye disketi kwa sababu sekretari wake, Madame Annie, aliweka kila kitu katika ordinateri ya depo. Ile ilikuwa ya aina nyingine kabisa, skrini nyeusi, maandishi meupe. Akatupatia disketi yake.

Mamere Agnès alinionya. "Papa, mashine yao na yangu hazisikilizani. Hifadhi hesabu kama maandishi matupu. Itakuwa mbaya kwa macho, lakini itafunguka."

Nikajaribu, nikaona mistari yangu imekufa, herufi nene zimekwenda, namba zimesukumana kama watu kwenye foleni ya unga. Nikasema, "Oui, Mamere," na alipotoka kupokea wageni nikapeleka kwenye disketi jedwali langu zima, na uzuri wake wote, kama lilivyo. Disketi ikakubali bila kelele. (Kumbe kuingia si kufunguka, lakini nani angeniambia wakati ule, na mimi nimekwisha kuambiwa?)

Asubuhi tulikwenda wote. Akina mama wanne wamevaa vitambaa vya namna moja, kila mmoja na bidoni lake tupu la kutilia mafuta, na mimi mbele na tai. Depo ilijaa wateja. Madame Annie akaingiza disketi, programu yake ikakataa. Hapo ningeweza kusema, "Mniwie radhi, nirudi parokiani." Badala yake nikasema, "Ilazimishe, Madame. Iambie ionyeshe tu kilicho ndani."

Akaandika amri, akabonyeza, na mashine ikaanza kulia. Piiip! Piiip! Na kwenye skrini ikashuka mvua ya vituko: mitima, ile mioyo ya barua za mapenzi, vijiso vinavyocheka, maua meusi, mishale, kisha mitima tena.

Papa Mwepu akainama akatazama. "Papa Trésor, hii ni nini? Miye niliomba hesabu, weye unaniletea mitima?"

"Iko namutongoza!" akapiga kelele mama mmoja muuza samaki kutoka kwenye mstari, na depo nzima ikaangua kicheko, hata wabeba mizigo wakaacha mapipa waje kuona.

Mimi nikanyoosha tai. "Mutulie," nikasema. "Iko nahesabu."

Akina mama hawakucheka. Walikaa wima kwenye benchi, mikono juu ya mapaja, wakitazama skrini kwa heshima. Mama Béa, mkubwa wao, akaniuliza taratibu, "Papa, ile yenye kucheka ndiyo bénéfice, ndiyo faida yetu?"

"Ndiyo," nikasema.

Madame Annie hakutaka kuniumiza, nadhani, lakini ilibidi aseme. "Papa Mwepu, haihesabu kitu. Ni fichier, faili ya mashine ingine, hii yetu haijue kuisoma."

Kicheko kikafa. Papa Mwepu akatoa disketi akanirudishia. "Siku mutakuwa na hesabu, mutarudia," akasema, akamwita mteja mwingine.

Tulirudi kwa miguu, mabidoni yakigongana. Odile alitangulia, hakugeuka. Nilitamani anitukane.

Umeme parokiani ulikatika siku nyingi, na siku zote hizo pipa la sabuni lilikaa baridi, na nyumbani tulikula mara moja kwa siku. Uliporudi nikahifadhi maandishi matupu, nikaenda Kikula peke yangu, bila tai. Yakafunguka mara moja, mabaya, yamepinda. Papa Mwepu akayafuata kwa kidole mpaka mwisho, akatoa nusu ya mafuta tuliyoomba. Nikayasukuma kwa baiskeli mpaka Panda, watoto nyuma yangu wakiimba, "Papa Mitima! Papa Mitima!" Jina hilo ninalo mpaka leo.

Jioni, pipa likichemka, nikamwomba Odile msamaha kwa ajili ya ile mitima.

"Mitima?" akasema, akikoroga. "Ile ilikuwa ya kuchekesha. Lakini Mama Béa alikuuliza, weye ukamujibu ndiyo. Batu banatudanganyaka kila siku, Papa Trésor. Sasa na weye?"

Kesho yake nikaenda kwa Mama Béa, nikamwambia yote, nimeinamisha kichwa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanisogezea kiti.

"Nilijua, Papa. Niliona jasho inakutoka mbele ya batu, nikasema nimuulize kitu, apate ya kujibu."

Tangu hapo sipeleki kazi ya mtu mahali bila kwanza kuifungua pale pale itakaposomwa. Na nisipojua, nasema sijui, mapema, kabla mtu hajalazimika kunihurumia.