Kigauni cha Matamvua Kimenikaushia Maziwa ya Mwanangu

Admin, nakuomba ulifiche jina langu na la mume wangu, maana huku Guangzhou Watanzania tunajuana hata kwa kikohozi. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Dar es Salaam, na mtoto wangu wa kwanza ana miezi minne. Naandika nikiwa intaneti kafe, mtoto yuko mgongoni, kwa hiyo mkiona nimeruka neno mnisamehe.

Mume wangu ananunua nguo kwenye soko la Shahe na kuzipeleka Kariakoo. Tulipooana akanileta huku nikawa sampuli yake. Yaani hivi: wateja wa Dar hawaamini nguo iliyovalishwa sanamu wala dada wa Kichina, wanataka waione kwenye mwili wa mtu mweusi kama wao. Basi navaa, ananipiga picha, kichwa anakikata kwa sababu mimi ni mke wa mtu na sina mtandio, halafu anawatumia kwa barua pepe. Nilikuwa mwembamba wa kuzaliwa, na sitawadanganya, nilipenda. Wateja wakiuliza, "Huyo asiye na kichwa anakula nini?" nilikuwa nacheka siku nzima.

Mwaka jana ikaingia fasheni ya vigauni vya matamvua. Kama hamjaviona, vimenyooka kama foronya, havina kiuno, mkanda unakaa chini kwenye nyonga, na nyuzi zinaning'inia mpaka magotini. Dar wamevipokea kwa vigelegele, kichen pati haipiti bila hivyo. Ubaya wake havitaki kifua wala makalio. Saizi ni moja tu, ukienea umeenea.

Nikajifungua. Mama yangu alikuwa amenitumia khanga za kufunga tumbo, kama tunavyofanya wanawake wa pwani tukitoka uzazi, nami nikafunga. Arobaini haijaisha vizuri, mume wangu akaja na nguo mpya. "Jaribu tu, mama watoto. Wateja wameshazoea umbo lako." Kikagoma kifuani. Tukaenda dukani kwenyewe, na laobanniang, yule mama mwenye duka, akanishika maziwa mbele za watu kama anachagua papai. "Pang, pang! Bu xing!" Mnene, haifai. Mume wangu akacheka naye. Sikulia pale, nililia kwenye basi.

Kesho yake nikaichukua ile khanga ya tumbo nikaipandisha kifuani, nikaikaza mpaka pumzi ikawa ya kuomba. Kigauni kikaingia. Mume wangu akanisifu mpaka nikaona haya, nami nikaacha chakula cha jioni bila kuambiwa na mtu. Kila siku ya picha nilijifunga tangu asubuhi, mtoto akilia nampa maji ya glukosi. Kifua kikauma, kikawaka moto, halafu kikatulia, nikadhani nimezoea. Kumbe maziwa yanaondoka.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja wa Lubumbashi, mfanyabiashara, jirani yetu hapa mtaa wa Guangyuan Xilu. Aliingia kwangu akanikuta nimejifunga na mtoto analia. Akakishika kigauni, akakigeuzageuza, akasema, "Maman, hii ni robe ya ba-garçonne. Ba-mama ya Bazungu ya zamani balikata nywele, balifunga kifua, juu balitaka kuwa libres. Balitupa corset, balicheza, balivuta sigara. Sasa weye, hii kufunga yako ni ya liberté gani?"

Garçonne kwa Kifaransa chao ni msichana wa kivulana, na liberté ni uhuru. Nimewafikiria sana wale wanawake. Walichoka kubanwa viuno, wakajichagulia mwili wa kivulana, wakacheza. Labda na kwao wapo walioumia, sijui. Mdogo wangu wa Dar kaniandikia eti wenzake wanajifunga vifua kwa bandeji ili waingie kwenye matamvua, anaiulizia siri ya yule dada wa kwenye picha. Hajui kama ni mimi. Sijamjibu.

Nikamwambia mume wangu maziwa yamekauka. Jamani! Akasema, "Si afadhali? Kifua kitapungua chenyewe." Kisha akatoa uamuzi wake: Ijumaa mtoto aondoke na wifi yangu anayerudi Dar, akalelewe na bibi yake mzaa baba kwa maziwa ya kopo. Mimi nibaki, msimu wa harusi umekaribia. Nikasema basi naondoka naye. Hakupandisha hata sauti. "Nenda. Ila ukipanda hiyo ndege, huku usirudi. Nitatafuta mwingine anayeenea."

Anayeenea! Hivi mwenzenu nimeolewa au nimeshonwa?

Na nampenda, hilo ndilo linaloniua. Huyu huyu alinishika mkono siku ya uchungu mpaka manesi wa Kichina wakawa wanachekeana. Nikirudi kwetu, baba atasema ndoa imenishinda kwa ajili ya gauni. Mama atasema nivumilie, mtoto kwa bibi yake hapotei. Wote watakuwa na hoja, lakini hakuna kati yao anayemsikia huyu mtoto akinitafuta kifuani na kukosa.

Yule mama wa Lubumbashi aliniambia niache kujifunga, ninywe uji, nimweke mtoto kwenye ziwa hata kama hapati kitu. Nimefanya hivyo tangu Jumapili, mume wangu akienda sokoni. Leo asubuhi alinyonya, akapaliwa kidogo, nikaona tone jeupe pembeni ya mdomo wake. Nililia kwa sauti.

Ijumaa ni keshokutwa. Msinitukane, nina kidonda kibichi. Ninyi mliozaa na mlioolewa, niambieni ukweli: nipande naye ndege niiache ndoa yangu, au nimkabidhi kwa wifi, leo ambapo ndiyo kwanza ameanza kunipata tena?