Mafundi Walewale, Kazi Mbili

Meneja wetu alikuwa na tabia ya kuahidi kwanza, watu wa kutimiza ahadi watafutwe baadaye. Mtafutaji nilikuwa mimi. Katika shirika letu dogo la maji, pale mjini Nyamira, kazi yangu ilikuwa kupanga nani aende wapi na akae huko hadi lini. Nilimchukia mtu yule, wala sitajifanya kwamba chuki hiyo imekwisha.

Wakati huo mafundi wetu wote walikuwa Nyaramba, wakijengea chemchemi ukuta na kulaza mabomba kabla mvua haijaanza. Asubuhi moja meneja aliniita ofisini, akaniambia macho yakiwa kwenye simu kwamba ameshawaahidi wafadhili tangi la shule huko Masimba. Tuanze mara moja.

"Na watu?" nikauliza.

"Watu si wako Nyaramba?"

"Wako kazini."

"Basi Jumatatu hadi Ijumaa Nyaramba, Jumamosi na Jumapili Masimba. Mbona kwako kila kitu ni kigumu?"

Karibu mafundi wote walikuwa Wasabato. Siku ya Jumamosi hata majani ya chai shambani kwao hayachumwi. Meneja angekuwa mgeni ningemsamehe, lakini alizaliwa huku, na mama yake mwenyewe alisali kanisa hilohilo.

"Mungu ataelewa," akasema.

"Mungu sawa. Na migongo yao je? Watapumzika lini?"

Akanionyesha mlango. Nikawaambie, basi.

Msimamizi wa mafundi alikuwa mama mmoja mwenye mikono mipana, mke wa shemasi. Nilimkuta Nyaramba akiosha mwiko wake wa kujengea kwenye ndoo. Nilimweleza yote bila kuyapaka sukari. Hakupandisha sauti.

"Dada, mwambie aje aniambie mwenyewe. Na aje Jumamosi, atanikuta kanisani."

Nilirudisha maneno hayo yalivyo. Meneja akacheka, cheko la mtu aliyeumwa na siafu mbele ya wageni.

"Watakuja tu. Njaa haina Sabato."

Jumamosi hiyo wafadhili walifika Masimba kuona kazi ikianza. Mimi pia niliamriwa niwepo. Palikuwa na rundo la mchanga, mawe, viti vya plastiki na mwalimu mkuu ndani ya suti ya kanisani, Biblia kwapani, kwa kuwa alikuwa ametoka ibadani mara moja kupokea wageni. Fundi hata mmoja hakuwepo. Meneja alipiga simu, akazunguka rundo la mchanga, akapiga tena. Mwishowe akaninyooshea kidole mbele ya wote.

"Huyu ndiye hupanga wafanyakazi. Ameniangusha."

Nami nikamjibu papo hapo. "Nilikwambia hawawezi. Ukanijibu njaa haina Sabato."

Mwalimu mkuu akamgeukia polepole. "Ulisema hivyo, mkubwa?"

Meneja akainamia simu yake. Mgeni mmoja akaniuliza mimi, si yeye, mafundi wa Nyaramba watamaliza lini. Nikamwambia ukweli: mvua ikishika, hata mwezi ujao hawatamaliza. Wakakubaliana Masimba ingoje.

Usidhani nilishinda. Jumatatu nilikuta meza yangu imehamishiwa stoo, katikati ya mabomba, na kazi ya kupanga amepewa mpwa wa meneja. Kabla wiki haijaisha wawili hao walikuwa wameahidi kazi ya tatu. Yule mama msimamizi alimaliza chemchemi yake, akaaga, akaondoka na mafundi wake bora. Mimi nami niliacha kazi baadaye kidogo. Tangi la Masimba lilijengwa na watu wengine kabisa, baada ya wazazi kuchoka kuuliza.

Mara mojamoja mimi na meneja tunakutana mjini. Hunyoosha mkono kana kwamba tuliachana vizuri.

"Bwana asifiwe, dada."

Nami hushika mkoba wangu kwa mikono miwili, nikapita.