Foleni Iliyokataa Kusogea

Asubuhi ya kuandikisha watoto darasa la kwanza pale Kimamba, mbele yangu alisimama mama na binti yake, ambaye akili yake ilichelewa kukua.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Huyu mrudishe nyumbani, mama. Hafundishiki."

Mama alimkumbatia mtoto, hakuondoka. Mwalimu akagonga meza: "Anayefuata!"

Aliyefuata nilikuwa mimi na mwanangu. Miguu yangu ilikataa kusogea. "Tunamsubiri huyu kwanza," nikasema.

Nyuma yangu mwanamke akadakia, "Akirudi yeye, na wetu wanarudi." Foleni nzima ikaitikia.

Mwalimu alitukazia macho, kisha akashika kalamu. "Binti, unaitwa nani?"

Alikawia, kisha akalitaja jina lake, nalo likaandikwa.

Mikutanoni tunaitana ndugu kwa urahisi. Siku ile undugu ulitaka tusisogee.