Mstari Nilioruka Akheri

Nilitoka Tabora kwa sababu ya fomu yenye kurasa tisa. Sisi wasanifu majengo tunatakiwa kila mwaka kuhudhuria saa kadhaa za mafunzo endelevu, la sivyo usajili wetu unalala. Kwa miaka mingi nimepanda basi kwenda kwenye miji mikubwa, nikakaa katika ukumbi wa hoteli wenye baridi ya kiyoyozi, nikala sambusa mbili na kumsikiliza mtu akisoma maneno ambayo sote tunayaona ukutani. Mwaka huu nikasema basi. Niliiomba bodi inayotusajili iniidhinishe na mimi niwe mtoaji wa mafunzo hayo, na somo langu la kwanza liwe ujenzi wa mawe kwenye miteremko. Wenzangu wa ofisini walicheka sana, maana kwetu Tabora ni tambarare, ukiangusha chungwa linakusubiri pale pale. Haya nawaandikia wao.

Somo hilo sikulipata chuoni. Nilifundishwa na fundi mmoja wa Akheri, kwenye miteremko ya Mlima Meru, anayeitwa Mzee Anaeli, wakati nikiwa mwanafunzi wa mazoezi katika ofisi moja ya Arusha. Nilichora ukuta wa kuzuia udongo nikasahau matundu ya kutolea maji. Yeye akayaweka kimya kimya. Bosi alipokuja kukagua akauliza wazo la matundu lilikuwa la nani, mzee akajibu kwamba ni la yule binti wa Tabora, tena alisisitiza mno. Nilisifiwa mbele za watu kwa kazi ya mtu mwingine. Mpaka leo nakumbuka utamu wa sifa ile na aibu yake pia.

Sasa fomu ya bodi ilikuwa na sehemu ya jina la mkufunzi na vyeti vyake. Mzee Anaeli hana cheti ila cha ubatizo na cha ndoa. Niliitazama nafasi ile kwa siku mbili, kisha nikaandika jina langu. La kwake nikaliweka ukurasa wa saba, kwenye orodha moja na mawe, mchanga na ndoo: fundi msaidizi. Nilijiambia kuwa ni karatasi tu.

Saa kumi na mbili asubuhi basi liliondoka Tabora. Tulipita Nzega na Igunga nikiwa nasinzia, na Singida tukateremka kula kuku wa kienyeji ambaye alikuwa mgumu lakini mtamu. Baada ya hapo ardhi ilianza kujikunja. Tulipofika Katesh, Mlima Hanang ukiwa umesimama pembeni mwa barabara, simu yangu iliita. Alikuwa Mama Nderetwa, mke wa mzee, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Alitaka nisiwe na wasiwasi wa chakula, kwa kuwa kuku atachinjwa na jirani yao Mwislamu, na sufuria ameshaisugua upya. Mzee, aliniambia, amenyoa ndevu tangu jana wakati mafunzo ni keshokutwa. Nilitaka kumweleza habari ya ukurasa wa saba. Mtandao ukakatika, nami nikaushukuru.

Jioni tulifika Kisongo. Uwanja mdogo wa ndege ulikuwa kando yetu, na mbele Meru ilikuwa imejifunika mawingu mpaka kiunoni. Nililala kwenye nyumba ya wageni huko Themi, mjini Arusha, na kwa sababu ya baridi nilivaa soksi kitandani.

Asubuhi, kwenye chai, nilikutana na Bwana Protas, mkaguzi aliyetumwa na bodi kuangalia somo langu la majaribio. Ni msanifu mwenye ofisi mjini hapo, mzaliwa wa Kilimanjaro, mtu mpole anayesoma kila kitu mara mbili. Alifungua jalada langu taratibu huku chapati ikipoa. Alipofika ukurasa wa saba aliuliza huyu fundi msaidizi atafanya nini. Nikasema atasaidia upande wa mawe. Akaandika neno fulani pembeni kwa penseli, akaendelea kusoma. Nilijiona mdogo kuliko ile chapati.

Mchana nilipanda Akheri. Kutoka Tengeru barabara inapinda katikati ya migomba na kahawa, mifereji inapiga kelele pembeni, na kila nyumba ina ua wa maua kana kwamba watu wameshindana. Nilimkuta Mzee Anaeli amekaa kwenye kibaraza. Nilipomwamkia shikamoo baba, hakunitazama mimi, alitazama upande sauti ilikotoka. Hapo ndipo nilipojua kwamba macho yake yamekwisha kabisa. Kwenye simu hawakuwahi kuniambia. Aliushika mkono wangu, akapapasa kiganja changu kwa kidole gumba, akasema mikono yangu imekuwa laini mno, bila shaka nachora tu.

Tulipomaliza chai, mzee aliomba kitu ambacho sikukitegemea. Alitaka nimsomee nakala yangu ya fomu ile, ajue bodi imeambiwa nini juu ya somo. Nikasoma. Nikasoma malengo, vifaa, ratiba, mpaka ukurasa wa saba. Hapo macho yangu yaliruka mstari mmoja, mdomo ukafuata, nikaendelea na mchanga na ndoo. Mzee alitikisa kichwa kwa kuridhika. Mama Nderetwa alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu akikusanya vikombe.

Kabla jua halijazama nilimfuata jikoni kumsaidia kumenya ndizi. Tulimenya mkungu wa kwanza wote.

"Umeruka mstari," alisema, bila kuinua uso. "Yeye macho yamemwisha. Mimi bado naona."

Nilianza kueleza habari za vyeti, na bodi, na jinsi maombi yangekataliwa. Alinisikiliza kama alivyokuwa akiwasikiliza watoto waliochelewa shule. Kisha akasema kwamba mzee amemweleza kila jirani, hata mchungaji, kuwa anakwenda kufundisha wasanifu. Alisema yeye hatamwambia mzee. Ni juu yangu. Nilimenya ndizi zilizobaki, na utomvu ukanigandia vidoleni mpaka kesho yake.

Siku ya mafunzo tulitandaza turubai uani na kupanga viti vya kuazima kanisani. Wasanifu sita walifika, na Bwana Protas na jalada lake. Mzee alitoka ndani amevaa suti ya ibada, na tai. Nilimnong'oneza kwamba leo ni kazi ya mawe, atachafuka. Alijibu kwamba mwalimu havai ovaroli.

Mimi nilipaswa kufungua somo kwa picha za kwenye kompyuta. Nilizungumza dakika kumi, nikaona mmoja wa wasanifu akisoma simu mapajani, nikamkabidhi mzee. Yeye alimwomba mkewe ndoo ya jivu la jikoni. Tukapanda wote hadi juu ya kiwanja kitupu cha jirani, kwenye mteremko. Aliagiza jivu lisambazwe sehemu ya juu, kisha akampa kila mtu kijiti, achore chini njia ambayo maji yatapita na mahali ambapo angejenga nyumba. Sote tulichora, Bwana Protas naye. Mzee alivua viatu, akatembea taratibu juu ya udongo kwa nyayo zake, akasimama mahali ambapo hapakuwa na mstari wa mtu yeyote, akachomeka fimbo yake hapo.

Yakamwagwa madebe matatu. Maji yalibeba jivu, yakashuka, yakazunguka jiwe moja lisilo na maana machoni pa mtu, yakapita yakiigusa fimbo. Njia yote ilibaki ya kijivu. Yule wa simu alikuwa ameiweka mfukoni zamani.

"Nyumba yako umeiweka hapa," mzee alimwambia, akielekeza fimbo sawasawa kwenye mchoro wake. Mama Nderetwa alikuwa amemnong'oneza ulipo, lakini hilo sikulisema. "Maji yataingia kupitia chumba cha watoto. Hayapigi hodi."

Kwa saa tatu alifundisha. Aliwapigisha magoti, akawafumba macho kwa khanga za mkewe ili wachague mawe kwa kupapasa, upande upi ukae chini na upi utazame nje. Aliwaonyesha matundu ya kutolea maji yanavyolala kidogo kuelekea nje, na kokoto za nyuma yake. Suti iliisha kabisa. Koti lilikuwa limetundikwa kwenye mti wa kahawa, magoti ya suruali yakiwa meusi kwa udongo, na sijapata kumwona mtu mwenye furaha kama ile. Nilikuwa nampenda mzee yule kwa miaka mingi. Siku ile nilimwonea fahari mpaka nikasahau nilichokuja kutafuta.

Saa nane mchana Bwana Protas alinikumbusha. Alitoa karatasi za mahudhurio, akanipa kalamu, akasema mkufunzi asaini ili wenzetu wahesabiwe saa zao. Wote walikuwa wananiangalia. Mzee alikuwa amekaa, mkewe anamwosha mikono kwenye beseni.

"Kabla sijasaini," nilisema, "fomu hii niliijaza vibaya. Mkufunzi ni Mzee Anaeli. Niliandika ni msaidizi kwa kuwa niliogopa mtamkataa kwa kukosa vyeti. Na jana nilipomsomea yeye mwenyewe, niliuruka mstari huo."

Maji kwenye beseni yalinyamaza.

Bwana Protas alivua miwani. Alinieleza bila ukali kwamba basi maombi yale hayawezi kupita. Yatarudi mwanzo, na saa za leo hazitahesabiwa kwa yeyote. Kisha akafungua ukurasa wa tisa, akaniwekea kidole kwenye maandishi madogo ya chini. Mtu asiye na vyeti lakini mwenye ujuzi wa miaka mingi anaweza kuwa mkufunzi, endapo wasanifu watatu waliosajiliwa watamshuhudia kwa maandishi.

"Dada, hukufika huku?" aliniuliza.

Sikufika. Niliishia pale nilipoogopa. Wasanifu wawili walikusanya vitu vyao wakaondoka wamenuna, na sikuwalaumu, maana walipoteza siku. Wanne waliomba karatasi nyeupe, wakaketi kwenye viti vya kanisa kuandika ushuhuda wao, wengine wakiwa bado na udongo kwenye viwiko. Yule wa simu aliandika kurasa mbili.

Walipoondoka nilikwenda kukaa chini, karibu na miguu ya mzee. Nilimwomba radhi. Alizungusha pete yake ya ndoa.

"Iliniuma, mwanangu," alisema. "Sitakudanganya. Iliniuma hapa." Akagusa kifua. "Sasa inapoa. Kula, mama yako amepika."

Nikala, nikiwa nalia, na Mama Nderetwa hakujifanya haoni, ila mzee ndiye ambaye kweli hakuona. Yeye alinisikia, akanisogezea sahani ya nyama.

Asubuhi iliyofuata niliondoka na mfuko wa kahawa, ndizi, na barua nne za ushuhuda ndani ya bahasha. Mama Nderetwa alinisindikiza hadi barabarani akiwa ameushika mkono wangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Safari ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko ya kwenda. Tulipoipita Hanang nilitoa fomu mpya na kuanza kuijaza magotini, basi likirukaruka, hata herufi zikawa kama za mtoto wa chekechea. Jina la mkufunzi ndilo nililoandika kwanza.

Nimekaa Tabora msimu mzima wa mvua nikisubiri, na wenzangu mnajua nilivyokuwa nikikimbilia kila bahasha. Kama mtaniuliza nilijifunza nini Akheri, nitasema nilikwenda kuomba ruhusa ya kufundisha, nikakuta bado ni mwanafunzi wa mazoezi. Wiki iliyopita barua ya bodi ilifika. Niliipiga picha nikamtumia Mama Nderetwa, kisha nikapiga simu kuwasomea. Alinizuia. Alisema apewe dakika moja avae miwani, atasoma mwenyewe.

Nikamsikia akisoma kwa sauti ya mwalimu, mstari kwa mstari, tangu kichwa cha barua na kumbukumbu namba. Alisoma kwamba ofisi yangu imeidhinishwa. Alisoma jina la somo. Akafika kwenye neno mkufunzi, akasimama kidogo, akalisoma jina la mumewe lote, la kwanza, la baba na la ukoo.

Kisha nikasikia sauti ya mzee kwa mbali, kutoka kibarazani.

"Mama, soma tena hapo."

Akasoma tena.