Tulipiga gwaride kliniki Bwera, tukamnasa fangasi wa ubongo

Wakuu, salamu popote mlipo. Leo sina umbea wala siasa. Nina kisa changu mwenyewe, na sijatia chumvi hata punje. Mhusika ameniruhusu nisimulie, jina tu nimebadilisha.

Mimi ni binti wa barracks, baba mjeshi, nimekulia Kasese. Kiswahili changu nilikipata kwa amri na kelele, kwa hiyo ndugu wa Dar na Mombasa mnivumilie.

Nasomea unesi. Nilipangiwa placement kwenye kliniki moja ya ARV huku Bwera, hatua chache kutoka mpaka wa Congo.

Kazi yangu kila asubuhi ilikuwa kutoa somo kwa wagonjwa waliokaa benchi. Mada: fangasi wa ubongo.

Kwa kifupi, huyu fangasi anakaa kwenye vumbi na kinyesi cha ndege. Wengi tunamvuta puani bila kujua, na mwenye kinga nzuri kwa kawaida hasikii kitu. Kinga ikishuka sana ndipo anapanda kichwani. Kichwa kinauma siku nyingi, shingo inakaza, macho yanafifia, unatapika. Ukichelewa anaua. Ukiwahi, dawa ipo. Na haambukizi mtu kwa mtu.

Basi nikasimama na chati yangu, nimependeza kweli. Nikauliza nani kichwa kinamsumbua.

Benchi zima: "Tuko sawa, musawo!" Huku musawo ni daktari, hata nesi wanamwita hivyo.

Siku ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu, hivyo hivyo. Nikaanza kujiona natangaza ugonjwa usiokuwepo.

Sista wangu wa zamu alicheka mpaka akashika ukuta. "Wewe! Ukisema unaumwa hapa unahamishwa benchi la daktari, unakaa mpaka mchana. Nani atakubali na soko linamsubiri?"

Kumbe! Watu wanachukua dawa mbio mbio wakimbilie soko la Mpondwe. Wako radhi kufa na kichwa chao kuliko kukosa wateja. Nilikasirika, jamani, nikasema hawa watanitambua.

Kesho yake sikuuliza kitu. Nikatoa ile sauti ya baba yangu: "Benchi! Mguuuu sawa!"

Wakasimama wote, kicheko kimejaa. "Mikono kichwani! Mikono chini! Kidevu kifuani!"

Videvu vikashuka. Kasoro kimoja.

Alikuwa Mama Kavira, muuza vitenge kutoka upande wa Beni. Alikuwa anacheka kuliko wote, lakini shingo imegoma kama mlango uliovimba kwa mvua. Akijaribu, anakunja uso.

Nikamsogelea taratibu. "Mama, kichwa kina siku ngapi?"

"Mie niko bien, mutoto yangu. Ni jua tu." Halafu akashusha sauti: "Inafika wiki mbili. Na macho inaona ukungu."

Yeye na wenzake walipokimbia vita kwao, alikaa miezi mingi bila dawa zake. Tukamtoboa kidole, kipimo kikasema fangasi yupo.

Daktari akataka kumchoma sindano ya mgongo, apime maji ya uti wa mgongo na kupunguza presha ya kichwa. Hapo kicheko kikaisha. Mama Kavira akashika mzigo wake.

"Ile sindano inaua batu! Niacheni, bitenge yangu iko ku soko."

Nilimbembeleza, Sista akambembeleza, wapi! Ameshafika mlangoni. Na mimi nilijua akitoka pale huenda simwoni tena.

Ndipo akainuka baba mmoja wa kofia, yule ambaye siku zote hukaa pembeni na hamsalimii mtu. Tulijua anatoka mbali. Kumbe ni sajini, anakuja Bwera kujificha wenzake wa Kasese wasimwone.

"Mama, simama hapo! Mimi ilidungwa hiyo sindano mwaka jana. Ona mgongo yangu!"

Akavua kofia, akalala sakafuni, akapiga press-up ishirini mbele ya kliniki nzima. Mtu mzima, kitambi hicho, wallahi!

Mama Kavira akamtazama, akaweka mzigo chini. "Haya, afande. Nikikufa, utauza bitenge yangu."

Akachomwa. Tukamlaza, akapata dawa. Siku chache baadaye naingia wodini, kanishika mkono: "Mutoto, hii ukuta iko ya kijani! Mie nilizani ni ya majivu." Nilitoka nje nikarukaruka peke yangu kama mwehu.

Sasa sikieni utamu wenyewe.

Siku aliyorudi kuangaliwa, hakuja peke yake. Alitokea getini na akina mama watano wa kwaya ya parokia yao.

"Hawa tulikimbia nao. Dawa walikatisha sawa mie. Kichwa inawauma ao haiwaumi, pima tu!"

Tukawapima wote. Wanne safi. Mmoja, mama mkimya kabisa, fangasi alikuwa kwenye damu tu, hajafika kichwani. Vipimo vingine viliporudi safi, akapewa vidonge, akaruhusiwa siku hiyo hiyo.

Akaniuliza, "Ni hivyo tu? Sitalala hapa?"

Nikamwambia, "Ni hivyo tu, mama. Umewahi."

Akatoka mwenyewe akawaambia wenzake. Wakaanza kuimba hapo hapo uani, sauti tatu, na Sista na wagonjwa wote wakaitikia. Nililia, wakuu, na sioni aibu kusema.

Nilichojifunza: chati yangu nzuri haikumsaidia mtu mpaka nilipojua kwa nini watu wanaficha. Na wewe mwenye kinga ndogo au uliyekatisha dawa, kichwa kikizidi siku kadhaa acha kumeza Panadol kimya kimya, nenda kapime.

Haya, karibuni kwenye comments. Manesi na walimu wenzangu, huko kwenu watu wanaficha kwa sababu gani, na mmewapataje?