Kikombe Kisichotikiswa

Alhamisi alasiri nilikwenda ukumbi wa michezo wa hapa Nizwa kuitazama timu yetu ya mpira wa magongo, ambayo tangu ukumbi ufunguliwe haijashinda hata mara moja. Wakati wa mapumziko mzee mmoja, mzaliwa wa Unguja, aliteremka na birika lake la kahawa mpaka golini, akammiminia mlinda mlango wa wageni kutoka Sur, kijana aliyehamia huku juzi tu kutoka Tabora. Kijana akanywa, akarudisha kikombe kwa mikono miwili. Mzee akamimina tena. Kijana, kukataa akaona si adabu, akanywa tena.

Firimbi ililia kikombe cha saba kikiwa mdomoni. Mwamuzi hakutazama golini. Tukafunga bao, nalo likawa la pekee siku ile.

"Mzee umemshughulisha makusudi!" wageni wakapiga kelele.

"Wallahi sivyo. Hakukitikisa kikombe. Mgeni hajasema basi, nami nisimmiminie?"

Wageni wakarudi kati kuanza mpira, maana huku sote ndivyo tulivyolelewa. Kijana akamgeukia mwenzake. "Kumbe kinatikiswa?"

Mlangoni nilimkuta kocha wetu amemshika mzee mkono, akimuuliza kwa heshima zote kama Alhamisi ijayo, tutakapocheza na Ibra, ana nafasi. Kisha akamwita msaidizi wake.

"Hebu niulizie. Golikipa wa Ibra katoka Bara lini?"